Sanduku la Haki: “Wanasema siku za rufaa ya kaka yangu zimepita”

Barua zilizonifikia mwezi huu kutoka Moshi na Arusha zinalia kilio kimoja. Hakuna anayeniuliza nani aliiba wala nani alimpiga nani. Wote wanauliza siku. Nimechagua barua 3. Ya kwanza nitakaa nayo sana kwa sababu imenikosesha usingizi, na kwa sababu najua wapo wengine wengi wenye karatasi ya namna hiyo ndani ya kabati.

BARUA YA KWANZA

*Shikamoo mama. Mimi ni msomaji wako wa Pasua, Moshi, nauza ndizi na mboga soko la Mbuyuni. Kaka yangu, tumbo moja, alihukumiwa miaka 30 na mahakama ya wilaya mwaka juzi mwezi wa pili, kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Siku ya 4 baada ya hukumu akiwa gereza la Karanga aliweka dole gumba kwenye karatasi ya kusudio la kukata rufaa mbele ya askari. Tukangoja nakala ya hukumu miezi 14. Katikati hapo akahamishwa gereza la mkoa mwingine. Nakala ilipomfikia, wakamsaidia kuandika sababu 6 za rufaa zikapelekwa. Mwezi uliopita wakamleta Mahakama Kuu. Wakili wa Serikali akasimama akasema kwenye jalada hamna kusudio lolote, kwa hiyo rufaa haina miguu. Jaji akaiondoa. Katika zile sababu 6 hakuna hata moja iliyosomwa. Wakati anapanda karandinga kaka aliniambia maneno mawili tu: “Ndo basi.” Kuna mtu hushinda pale nje ya mahakama anasema nikimpa laki 4 atanifungulia muda. Mama, ndo basi kweli? Nimpe?*

JIBU

Marahaba mwanangu. Usimpe hata mia.

Naanza na hilo kwa sababu najua shida ilivyo. Mtu mwenye ndugu yake ndani atauza mpaka mbuzi wa mwisho. Hao wanaokaa nje ya mahakama na bahasha kwapani ni vishoka. Nimewaona kwa miaka 31 niliyokuwa karani wa masjala ya mahakama, wanabadilika sura tu. Muda wa rufaa unatolewa na mahakama peke yake, tena baada ya maombi yenye kiapo, na hakuna mtu wa nje mwenye ufunguo wa hilo. Laki 4 yako iweke. Utaihitaji kwa nauli, kupiga chapa na kutoa nakala, na hata hivyo haitafika hapo ukifuata ninayokueleza.

Sasa, “ndo basi”. Mwambie kaka yako kwamba siyo basi. Nenda kachukue nakala ya amri ya jaji uisome neno kwa neno. Ukitazama hasa mstari wa mwisho utaona imeandikwa ama rufaa *imeondolewa* ama *imetupiliwa mbali*. Mtaani tunayachanganya maneno hayo, tunasema “imetupwa” kwa yote mawili, lakini masjala ni vitu viwili tofauti kama mlango uliorudishiwa na mlango uliopigwa misumari. Rufaa iliyoondolewa kwa kuwa na kasoro haijasikilizwa, na mwenye nayo anaweza kurudi akiitengeneza. Iliyotupiliwa mbali imekwisha katika mahakama ile, na njia iliyobaki ni kupanda juu. Wewe umeandika “akaiondoa”, na ikiwa ndivyo amri inavyosema, mlango umerudishiwa tu.

Kwa nini iliondolewa? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka anayekata rufaa kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu afanye mambo mawili. La kwanza, atoe taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 tangu hukumu. La pili, apeleke hati ya rufaa yenye sababu zake ndani ya siku 45, ila muda uliotumika kungoja nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu hauhesabiwi humo. Tulikizoea kifungu hicho kama kifungu cha 361, ingawa namba za vifungu hubadilika sheria zinapochapwa upya, kwa hiyo usishangae wakili akikutajia namba nyingine.

Miezi 14 ya kungoja nakala, ambayo wewe ndiyo inayokuuma zaidi, kisheria haimdhuru kaka yako. Inayomdhuru ni ile karatasi ndogo ya siku ya 4, na yeye aliitoa mapema kabisa. Aliitoa lakini haikuonekana kwenye jalada. Hapo ndipo kesi yake ilipo, na ndipo tutakapofanyia kazi.

Sheria hiyo hiyo inajua kwamba mfungwa hana miguu ya kwenda masjala. Inasema aliye gerezani anaweza kumkabidhi mkuu wa gereza hati yake ya rufaa na nakala zake, na mkuu wa gereza ndiye anayezipeleka kwa Msajili wa Mahakama Kuu. Kwa Mahakama ya Rufani, iliyo juu ya Mahakama Kuu, ni wazi zaidi, kwa maana kanuni ya 75 ya Kanuni za mwaka 2009 inamhesabu mfungwa kuwa ametimiza wajibu wake akishaikabidhi kwa mkuu wa gereza taarifa yake ya rufaa pamoja na maelezo ya sababu zake. Jambo hili limesumbua nchi nyingi. Marekani, mwaka 1988, Mahakama Kuu yao ilipokea shauri la mfungwa wa Tennessee aliyewapa askari wa gereza rufaa yake siku 3 kabla muda haujaisha, nao muhuri wa mahakama ukaigonga siku 1 baada ya muda kuisha. Majaji 5 dhidi ya 4 wakasema siku inayohesabiwa ni ile aliyoitoa mkononi mwake.

Lakini mwaka 2007 mahakama hiyo hiyo ilipokea mfungwa mwingine, wa Ohio, ambaye jaji alimpa siku 17 za kukata rufaa badala ya 14 za kisheria. Jaji ndiye aliyekosea kuhesabu. Mfungwa akapeleka siku ya 16, akiwa ndani ya siku alizopewa. Akashindwa, majaji 5 kwa 4, kwamba mahakama haina uwezo wa kumsamehe siku hizo. Nakueleza haya mwanangu ili ujue ulichonacho. Sheria yetu imempa jaji wa Mahakama Kuu uwezo ambao wale walisema hawana. Anaweza kuipokea rufaa hata muda ukiwa umepita, *kukiwa na sababu za msingi*. Maneno hayo 5 ndiyo kaka yako anayashika.

Na sababu za msingi hazionyeshwi kwa kulia. Nimesoma maombi mengi sana ya wafungwa, mengine yameandikwa kwa uchungu mpaka karani anasimama kwenda kunywa maji, na bado yalikataliwa kwa sababu hayakuwa na tarehe hata moja. Majaji wetu hufuata vigezo vilivyowekwa katika shauri la Lyamuya, la maombi namba 2 ya mwaka 2010: eleza kipindi chote cha kuchelewa, kuchelewa kwenyewe kusiwe kwa kupita kiasi, onyesha ulikuwa na bidii na hukuzembea, na kama kuna jambo zito la kisheria, kwa mfano uharamu unaoonekana wazi katika hukumu yenyewe, litaje. Na kuna msimamo wa Mahakama ya Rufani unaorudiwa kila siku, kwamba hata kuchelewa kwa siku moja kuelezwe. Siku moja! Kwa mtu aliye nje ni vigumu, sembuse aliye ndani. Ndiyo maana nasema kalenda ya kaka yako ni yako wewe kuiandika.

Hapa nieleze kitu kilichonipata mimi, kwa kuwa kinahusu kaka yako kuliko unavyodhani.

Mwaka wangu wa 9 kazini, katika mahakama ambayo sitaitaja, ilikuja bahasha ya kaki kutoka gerezani. Ilikuwa Jumanne alasiri. Askari aliyeileta akafungua kitabu chake cha dispachi, nami nikasaini kuwa nimepokea, nikaandika na saa. Nikaiweka kwenye trei. Jumatano na Alhamisi palikuwa na kikao, makarani wote tulikuwa tunabeba majalada kutoka chumba hadi chumba. Ijumaa asubuhi nikaifungua. Muhuri wetu ulikuwa wa mpira, wenye vijigurudumu vya tarehe. Kila asubuhi unavizungusha kwa kidole gumba mpaka namba ya leo ikae katikati, kidole kinabaki na wino wa zambarau mpaka jioni. Nikazungusha mpaka Ijumaa, nikagonga. Sikufikiri. Mtu hugonga mihuri 60 kwa asubuhi moja.

Siku ya 45 ya yule mfungwa ilikuwa Jumatano.

Rufaa yake iliondolewa kwa kuchelewa siku 2. Mimi sikujua. Miezi mingi baadaye yakaja maombi yake ya kuongezewa muda, na gereza lilikuwa limeambatisha nakala ya ukurasa wa dispachi. Nikaiona saini yangu. Jumanne, saa 9 na dakika 20. Nilikwenda kwa msajili siku ile ile nikamweleza, nikaapa kiapo kwamba muhuri ule ni wa siku niliyofungua bahasha na siyo siku niliyoipokea. Jaji alimpa muda. Yeye alikuwa ameshakaa ndani muda wote huo kwa ajili ya kidole changu, na kama si askari mmoja aliyetunza kitabu chake vizuri, angekaa zaidi. Sikupata kujua rufaa yake iliishia wapi, nilihamishwa kituo kabla haijasikilizwa. Nimestaafu na jina lake ninalo kichwani.

Kwa hiyo ninapokwambia nenda Karanga kwanza, kabla ya kwenda kwa wakili, kabla ya kwenda popote, naomba unielewe. Lile dole gumba la kaka yako liligongwa pale. Gereza hutunza kumbukumbu ya kilichotoka na kilichopokelewa. Andika barua fupi kwa Mkuu wa Gereza, kwa heshima, utaje jina kamili la kaka yako, namba yake ya mfungwa, namba ya kesi, mahakama na tarehe ya hukumu, uombe mambo matatu: nakala ya ile taarifa ya kusudio yenye muhuri na tarehe, nakala ya barua iliyoipeleka mahakamani, na nakala ya ukurasa wa kitabu unaoonyesha mahakama ilipokea. Toa nakala ya barua yako mwenyewe na ugongewe muhuri wa kupokelewa. Usiondoke bila huo muhuri, hata wakikuambia haina haja. Kama hawawezi kukukabidhi wewe nyaraka za mfungwa, wasaidizi wa kisheria wanaweza kuingia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua na imeyataka magereza yaweke utaratibu wa wafungwa kupata msaada huo. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako itakuelekeza kwa walio karibu.

Ukikuta karatasi ipo na ilipokelewa mahakamani, basi ilipotea mikononi mwa mahakama na kazi yako ni nyepesi. Ukikuta ipo gerezani lakini haikutoka, kaka yako bado hana kosa, kwa kuwa Mahakama ya Rufani imeshasema zaidi ya mara moja kwamba mfungwa hana uhuru wa kuendesha mambo yake, yuko chini ya mkuu wa gereza. Ukikuta hakuna kabisa, hapo itakuwa ngumu, lakini bado yupo askari aliyemshikisha wino. Askari huhamishwa kama wafungwa, ila hawapotei. Ulizia alipo.

Na lazima huyo askari au mkuu wa gereza aape kiapo chake mwenyewe. Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Kaka yako akiapa kwamba “gereza lilichelewesha” bila kiapo cha mtu wa gereza, Wakili wa Serikali atasimama aseme hayo ni ya kusikia, na atakuwa sahihi. Kila mtu aapie alichokifanya yeye. Kaka aapie dole gumba lake na siku alipohamishwa na siku aliyopokea nakala. Ofisa wa gereza aapie karatasi zilivyopita. Wewe usiapie kitu chochote ambacho hukukiona kwa macho yako, hata kama unakijua moyoni.

Chukua daftari la mistari, chora mistari miwili, upande mmoja tarehe, upande wa pili kilichotokea na karatasi inayothibitisha. Anza na siku ya hukumu, ambayo yenyewe haihesabiwi. Siku ya 4, dole gumba. Siku ya uhamisho. Siku nakala ilipothibitishwa na mahakama, na siku ilipomfikia mkononi, maana hizi mbili mara nyingi hazifanani. Siku hati ya rufaa ilipotoka gerezani. Siku jaji alipoiondoa. Kipindi ambacho rufaa ile ilikuwa mahakamani ikingoja kusikilizwa kina jina lake, kuchelewa kwa kiufundi, na tangu shauri moja la mwaka 1997 mahakama hukitenganisha na kuchelewa kwa uzembe, mradi rufaa ya kwanza ilipelekwa ndani ya muda wake. Lakini kuanzia siku ya kuondolewa hadi siku utakapopeleka maombi mapya, siku hizo ni za kuelezwa moja moja. Umeniandikia mwezi mmoja baada ya amri. Ule mwezi nao unaingia kwenye daftari: ulikuwa unafuatilia nini, lini, kwa nani.

Maombi yanapelekwa Mahakama Kuu Moshi, hati ya maombi pamoja na viapo, na yaombe vyote viwili, muda wa kutoa taarifa ya kusudio na muda wa kupeleka hati ya rufaa. Nimeona mtu akiomba cha pili akasahau cha kwanza, akapewa alichoomba, akarudi tena mwanzo. Kama katika zile sababu 6 mojawapo inasema mahakama haikuwa na uwezo au adhabu ni kinyume cha sheria, itaje, ila usiifanye nguzo pekee.

Tangu mwaka 2021 sheria inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Aandike kwa Kiswahili chake. Anayeelewa anachokiapia hujibu vizuri akiulizwa.

BARUA YA PILI

*Mama, habari za kazi. Mimi ni mzee wa Ngaramtoni. Kijana wangu amefungwa miezi 9 na mahakama ya mwanzo kwa kumpiga jirani, ugomvi ulikuwa wa zamu ya maji ya mfereji. Kuna mashahidi wangu 2 hawakuitwa. Nimefuata nakala ya hukumu, karani anasema haijachapwa, nirudi mwezi ujao. Leo ni siku ya 19. Nirudi mwezi ujao?*

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Hapana, usirudi mwezi ujao. Nenda kesho.

Rufaa ya kutoka mahakama ya mwanzo haifuati zile siku 10 na 45 nilizomweleza huyo binti wa Pasua, na watu wengi wa Arusha wameumia kwa kupewa ushauri wa rafiki aliyefungwa na mahakama ya wilaya. Yako inafuata Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, na ni siku 30 tangu uamuzi, kwenda mahakama ya wilaya. Mwezi ujao utakuwa nje.

Usikae kungoja nakala. Ulikuwepo wakati hukumu inasomwa, kijana wako alikuwepo, mnajua mashahidi gani hawakuitwa na mliomba waitwe siku gani. Andikeni hati ya rufaa kwa hayo mnayoyajua, kijana aisaini au aweke dole gumba gerezani na askari ashuhudie, ipelekwe ndani ya siku zilizobaki. Na hapo hapo andika barua ya kuomba nakala, ipokelewe kwa muhuri, ili baadaye mtu asiseme hamkuomba. Karani wa mahakama ya mwanzo aliyekuambia urudi mwezi ujao huenda hakuwa na nia mbaya, kuna vituo vyenye mtu mmoja wa kuchapa na majalada yamejaa mpaka dirishani, lakini shida ya kuchapa isimfunge kijana.

Ikitokea siku 30 zimepita, mahakama ya wilaya inaweza kuongeza muda hata baada ya kupita. Isipokuwa kwa kifungo kifupi namna hii kuna hesabu nyingine. Miezi 9, akipata msamaha wa theluthi kwa tabia njema, inabaki 6. Maombi ya kuongezewa muda yenyewe yanaweza kula miezi hiyo, na kijana akatoka kwa mlango wa kawaida huku rufaa yake iko kwenye trei, akiwa na doa la kosa ambalo huenda hakutenda. Kwa hiyo wahi, na mara rufaa ikipokelewa omba dhamana wakati inasubiri kusikilizwa. Wengi hawajui kwamba inaombeka.

Wale mashahidi wako 2, waandike majina yao na mahali wanapoishi leo, kabla hawajaanza kusita.

BARUA YA TATU

*Shikamoo mama. Naandika kutoka Sakina, Arusha, leo tarehe 10 Aprili. Mume wangu yuko gereza la Kisongo. Alishindwa wilaya, akashindwa Mahakama Kuu, na tarehe 3 Machi Mahakama ya Rufani imesoma hukumu hapa hapa Arusha, nayo imekataa. Kila nikipanda daladala kwenda kumwona napita jirani na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Shemeji yangu anasema wafungwa wa Tanzania wamewahi kushinda pale. Je, naweza kumpelekea kesi yake? Nina siku ngapi?*

JIBU

Marahaba. Shemeji yako amesema kweli, ila amechelewa kukuambia. Wafungwa wa Kitanzania walikwenda kwa wingi pale, na mwaka 2015, katika shauri la mfungwa wa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, mahakama hiyo iliona haki zake zilivunjwa, mojawapo ni kwamba hakupewa wakili. Ilikuwa pia na moyo katika mambo ya siku. Ilikuwa ikimwangalia mfungwa asiye na wakili, asiye na fedha, asiyejua sheria, na kumhesabia muda kwa hali yake. Lakini Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililokuwa likiwaruhusu watu binafsi na asasi kwenda wenyewe moja kwa moja, na kuanzia tarehe 22 Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa mashauri mapya. Yaliyokuwa yameshapokelewa yaliendelea. Kupita jirani na jengo kila wiki na kujua hulifikii ni jambo linaloniuma mimi mwenyewe ninayekaa mji huu. Iliyobaki kwa huko ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Banjul, Gambia, na hiyo ni safari ndefu ambayo utahitaji asasi ya kukusaidia.

Kilicho karibu ni kitu kingine ambacho hukukiuliza. Mahakama ya Rufani inaweza kuipitia upya hukumu yake yenyewe, kwa sababu chache sana: kosa lililo wazi usoni mwa kumbukumbu lililoleta dhuluma, au mtu kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, au uamuzi kuwa batili, au mahakama kutokuwa na mamlaka, au hukumu kupatikana kwa njia haramu, kwa udanganyifu au ushahidi wa uongo. Kutoridhika na hukumu siyo sababu. Kama mume wako na msaidizi wa kisheria wakiona mojawapo ya hizo ipo kweli, maombi ya mapitio yanapelekwa ndani ya siku 60 tangu hukumu.

Hukumu ni ya tarehe 3 Machi. Siku ya 60 ni tarehe 2 Mei. Barua yako imenifikia leo, tarehe 21 Aprili, na gazeti litatoka siku hizo zikiwa karibu zimekwisha, kwa hiyo sikungoja. Nimepiga namba uliyoiandika mara 3, haipokelewi. Nimeacha ujumbe. Kama simu iko kwa mtu mwingine na yeye ndiye anayesoma hapa, tafadhali mwambie mke wa huyu bwana zimebaki siku 11 tangu leo, asingoje siku ya kumtembelea, aende Kisongo asubuhi na nakala ya hukumu mkononi.